Fasihi ya Kiswahili imenipita: nianzie wapi?

Swali: Mimi ni mtaalamu wa maabara katika hospitali moja mkoani Iringa, nina miaka 32. Nilisoma shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza, kisha sayansi mpaka chuo, kwa hiyo fasihi ya Kiswahili nilikutana nayo kidato cha tatu na cha nne tu, tena kwa ajili ya mtihani. Kazini kuna kaka mmoja anayemnukuu Shaaban Robert kila tukikaa, na wengine wanamzungumzia Kezilahabi kama jirani yao. Mimi nakaa kimya. Juzi juzi nikaamua kuanza na Al-Inkishafi, kwa sababu niliambiwa ndiyo ya zamani na ndiyo kilele. Sikufika ubeti wa tano. Nilijiona mjinga katika lugha yangu mwenyewe. Je, nimechelewa? Nianzie wapi, na nisome kwa mpangilio gani?

Jibu: Dada yangu, kilichokukwamisha si ujinga, ni lahaja. Al-Inkishafi ilitungwa Pate mwanzoni mwa karne ya 19 na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, kwa Kiswahili cha visiwa vya kaskazini, yaani Kiamu, lahaja ya Lamu, na nduguze. Kiswahili unachosema wewe, ulichofundishwa darasani na unachokisikia redioni, kimejengwa juu ya Kiunguja. Uamuzi huo ulipitishwa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya kuusimamia ikaanza kazi 1930. Wakati huo utenzi ule ulikuwa umeshaghaniwa kwa zaidi ya miaka 100. Aliyekwambia uanze nao kwa kuwa ni wa zamani amekupeleka mbali mara mbili kwa mpigo mmoja: mbali kwa wakati na mbali kwa mahali. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fasihi, akipewa kurasa zile bila maelezo yoyote, anakwama hapo hapo ulipokwama wewe.

Ndiyo maana sishauri mtu mzima anayeanza kusoma afuate tarehe. Tarehe zina faida kwa anayeandika historia ya fasihi. Kwa msomaji, kinachoamua kama kitabu kitaendelea au kitarudi kabatini ni sikio: je, unaisikia sauti ya anayesimulia? Mpangilio wangu basi ni wa sikio. Anza Unguja, kwa sababu sikio lako ni la huko hata kama hujawahi kupanda boti. Kutoka Unguja pita Mrima, yaani pwani ya bara inayoitazama Unguja, kwa Shaaban Robert. Kisha panda Mombasa. Mwisho nenda Lamu na Pate. Ukifika huko kwa njia hiyo, Al-Inkishafi itakufungukia, na nitakuonyesha kwa mistari yenyewe.

Kabla ya vitabu, neno kuhusu shule. Kidato cha tatu na cha nne ulisoma ukitafuta dhamira, maudhui, mandhari na matumizi ya lugha, kwa sababu swali lingesema utoe hoja tatu kwa kila kitabu. Siwalaumu walimu, mtihani ndivyo ulivyo. Lakini mazoea hayo hayafai sasa. Msomaji aliyezoea kuvuna hoja hafiki mahali pa kucheka, wala hapati nafasi ya kumchukia mhusika kwa moyo wake wote. Kwa vitabu vya mwanzo usiandike chochote pembeni. Ukikutana na neno usilolijua, lipite. Likirudi mara ya tatu ndipo ulitafute kwenye kamusi. Na ukifika ukurasa wa thelathini bila hamu ya kuendelea, kifunge kitabu hicho uchukue kingine. Hakuna anayekusahihisha.

Kitabu cha kwanza ningekupa Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohamed Said Abdulla, kilichotoka 1960. Ni hadithi ya upelelezi. Mtu anakutwa ameuawa penye mzimu, wenyeji wanaamini mizimu imelipiza kisasi, na Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anakataa kuamini kwamba mizimu inaua. Anauliza maswali. Wewe unashinda maabara ukitafuta kilichomfanya mtu augue. Nadhani utampenda Bwana Msa mapema sana. Wapo wanaokiona kitabu hiki chepesi mno kuitwa fasihi ya kudumu kwa sababu tu ni cha upelelezi, na mimi sikubaliani nao hata kidogo. Hadithi hiyo ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, na baada yake mlango wa riwaya ya Kiswahili haukufungwa tena. Zaidi ya hayo, Kiswahili chake kina mazungumzo ya kweli: watu wanakatizana, wanatupiana mafumbo, wanazunguka kabla ya kusema wanachotaka. Hicho ndicho sikio lako linachohitaji kwanza.

Ukimaliza, nenda kwa Adam Shafi. Kimbilia Vuta N'kuvute, kilichotoka 1999. Yasmin ni binti wa Kihindi katika Zanzibar ya wakoloni wa Kiingereza, ameozwa akiwa bado msichana kwa Bwana Raza, mwenye duka aliyemzidi umri kwa mbali. Anatoroka, familia yake inamkana, na anajikuta kwa Mwajuma, mwanamke wa mjini anayependa taarabu na maisha. Kisha anatokea Denge, kijana wa siasa anayeandamwa na polisi. Kitabu ni kinene, lakini utashangaa kurasa zinavyokwenda. Mapenzi na siasa vimesukwa pamoja mpaka huwezi kuvitenganisha, na hakuna mahali mwandishi anaposimama kukuhubiria. Amil Shivji aliitengenezea filamu iliyotoka 2021. Naomba usome kwanza, uitazame baadaye, maana sura ya Mwajuma utakayoichora mwenyewe ni mali yako.

Mtu akivutiwa na Shafi, huwa namwongezea Kuli, riwaya ya 1979 kuhusu wachukuzi wa bandarini Zanzibar na mgomo wao wa 1948. Na kwa anayetaka kisa cha ndani ya nyumba, Utengano cha Said Ahmed Mohamed, cha 1980: Maimuna amefungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi, mtu wa heshima mbele ya watu na wa namna nyingine kabisa akishafunga mlango. Hivyo viwili visome wakati wowote. Havina foleni.

Sasa Shaaban Robert, maana najua yeye ndiye anayekuumiza kichwa hapo kazini.

Watu wengi huanza naye kwa Kusadikika, kwa sababu ni kitabu chembamba na kina jina. Wengi huishia hapo. Nchi iko angani. Wahusika wanaitwa Karama na Majivuno, na kila mmoja ni kama jina lake linavyosema. Msomaji aliyetoka kwa Yasmin na Mwajuma, watu wenye wema na ubaya wao kwa pamoja, anaona amerudishwa kwenye mafundisho ya watoto. Tatizo si kitabu, ni kwamba hajaambiwa mwandishi alikuwa nani alipokuwa anakiandika.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, akianzia idara ya forodha, na alikaa kwenye ajira hiyo miaka mingi. Kusadikika kilichapishwa 1951, miaka 10 kabla ya uhuru wa Tanganyika. Msome Karama ukijua hilo. Kosa lake mbele ya mfalme ni kwamba ameanza kufundisha watu sheria. Mshitaki wake, Majivuno, ni waziri. Katika kujitetea Karama anasimulia habari za wajumbe waliotumwa pande zote, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mpaka mbinguni na ardhini, wakateseka, wakarudi na mambo mema ya kuifaa nchi yao, na kila mmoja malipo yake yakawa kifungo. Karani wa mkoloni hakuweza kuandika hayo juu ya Tanganyika na kulala kwake usiku. Aliinyanyua nchi nzima akaiweka angani. Ukishalijua hilo, yale majina yaliyoonekana ya kitoto yanageuka kuwa ujasiri mkubwa, na hotuba za Karama zinasomeka kwa moyo kudunda.

Kwa hiyo usimwanze kwa Kusadikika. Mwanze kwa maisha yake mwenyewe, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Humo utamkuta mtu, si sanamu. Humo limo shairi la kumlilia mkewe, linaloanza "Amina umejitenga, kufa umetangulia." Lisome kwa sauti ukiwa peke yako. Na humo ndimo ulimo Utenzi wa Hati, ambao Shaaban alimtungia binti yake Mwanjaa aliyefiwa na mama. Ni wasia wa baba kwa mwana wa kike, kwa Kiswahili usichohitaji kamusi kukisoma. Uwekee alama ukurasa huo, tutaurudia. Baada ya hapo chukua Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu kidogo cha 1958 kuhusu msichana wa Fumba, Unguja, aliyekulia katika ufukara na kuja kuwa sauti iliyorekodiwa Bombay mwaka 1928, wakati ambapo wanawake wa pwani hawakutarajiwa kusikika nje ya nyumba zao. Halafu Utubora Mkulima, juu ya mtu anayeacha kazi ya mjini akaenda kulima. Kusadikika kiwe cha nne.

Nami nikwambie wazi ninavyomwona: Shaaban Robert si bwana wa visa. Ukimsoma kwa kungojea nini kitatokea utachoka. Yeye ni bwana wa sentensi. Anaweza kupanga maneno ya kila siku yakapata uzito ambao hukujua kwamba yanao. Ndiyo sababu yule kaka anamnukuu. Siku nyingine akinukuu, muulize mstari huo umetoka kitabu gani, kisha umwombe akuazime. Ama atakuletea kitabu, nawe utakuwa umepata rafiki wa kusoma naye, ama itajulikana kwamba anajua mistari tu. Vyovyote vile hutakuwa na sababu ya kunyamaza tena.

Kezilahabi ni rahisi zaidi kumfikia kuliko sifa zake zinavyotisha. Mzaliwa wa Ukerewe, alifariki 2020. Rosa Mistika, ya 1971, iliwahi kuzuiwa mashuleni kwa sababu ya mambo inayoyasema waziwazi kuhusu wasichana, wazazi na walimu. Soma ukurasa ule Zakaria anapogundua kwamba binti yake ameandikiwa barua na mvulana, na uone mapigo ya baba yanavyougeuza ukali kuwa chanzo cha kila kinachofuata. Ndipo uende Kichwamaji na Dunia Uwanja wa Fujo. Nagona na Mzingile viache kwa sasa. Ni vitabu vifupi, vya kina sana, vya mtu aliyeamua kuivunja riwaya aliyokuwa ameijenga mwenyewe. Raha yake inakuja kwa anayejua kwanza alikuwa akijenga nini.

Katikati ya safari hii tia tamthilia moja: Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, 1969. Inahusu vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na mtu wa Ngarambe aliyewapa watu maji na kuwaunganisha. Usiisome kimya. Waalike watu wawili watatu nyumbani, mgawane wahusika, msome jioni moja. Utaona Kinjeketile anavyolemewa na neno lake mwenyewe: amelitoa, watu wamelichukua, limekua kuliko yeye, na hawezi tena kulirudisha. Mwisho, Wajerumani wakimtaka aseme kwamba maji yalikuwa uongo, fikiria pamoja na wenzako kwa nini anakataa. Nimewaona wasomaji wakibishana juu ya hilo mpaka usiku, na kila upande una hoja.

Sasa Mombasa, na hapa ndipo wengi huogopa kwa sababu ni ushairi. Mlango wako ni Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968 aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? kuikosoa serikali. Alifungwa kuanzia 1969 mpaka 1972, na gerezani akatunga mashairi akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa 1973, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Anza na shairi la "Mamba", anaposemezana na mamba anayejiona hana wa kumweza, kisha "Siwati", yaani siachi. Hapo ndipo sikio lako litakapoanza kuzoea Kimvita: kuwata badala ya kuacha, n'shishiyelo badala ya nililolishika. Utakwama mara mbili tatu. Lakini kwa kuwa unajua mtu huyu yuko wapi na kwa nini, maana itakufikia kabla ya msamiati.

Na ukishamzoea Abdilatif, umeshamkaribia Muyaka bin Haji bila kujua. Ni mji ule ule, lahaja ile ile, na tabia ile ile ya kuwatunga watawala, isipokuwa Muyaka aliishi zamani za Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na kufa karibu na 1840. Kabla yake tungo nyingi tulizonazo ni za dini. Yeye aliuleta ushairi barazani na sokoni: mapenzi, madeni, ukata, na kejeli kwa maadui wa Mombasa, hasa watu wa Lamu walioishinda Mombasa pale Shela. Tungo zake nyingi tunazo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa alizikumbuka na kuzikusanya akiwa na mmisionari W. E. Taylor, na William Hichens akazichapa mwaka 1940. Shairi moja la beti chache kwa jioni linatosha. Mengine yalikuwa majibu kwa matukio ya siku ile, kwa hiyo bila maelezo hayaeleweki, na hilo halina aibu. Hata watu wa Mombasa ya leo wanayahitaji maelezo hayo.

Sasa twende kaskazini. Rudi kwenye ule ukurasa wa Utenzi wa Hati, usome tena, kisha fungua Utendi wa Mwana Kupona, wa 1858. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na Sultani wa Zanzibar. Alikuwa mgonjwa, na alitaka binti yake, Mwana Hashima, abaki na wasia. Kilichomfanya Shaaban amwandikie Mwanjaa ni kile kile, na umbo ni lile lile. Katika ubeti wa kwanza anamwita binti yake asogee. Kisha anasema:

Maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Soma kwa sauti. Hesabu silabi kwa vidole: nane, nane, nane, nane. Mistari mitatu ya mwanzo inaishia kwa "ka", na wa nne kwa "ia", na hiyo "ia" ndiyo itakayofunga kila ubeti mpaka mwisho wa utenzi. Je, kuna neno hapo ambalo hukulielewa? "Lema" ni jema. Basi. Mama anasema ameugua mwaka mzima na hajapata kumwambia mwanawe neno la maana. Ubeti unaofuata:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Njoo mbele ukae, ulete wino na karatasi. Mgonjwa anasema, binti anaandika. Kati yako na watu hao wawili kuna zaidi ya miaka 160, nawe umeingia chumbani mwao kwa kubadilisha sauti chache tu. Zishike hizi, maana zitakufaa kila mahali: Kiamu kina "nd" pale ambapo wewe una "nj", kwa hiyo ndoo ni njoo na ndia ni njia. Kina "t" pale ambapo wewe una "ch", kwa hiyo mato ni macho. Kina "z" pale ambapo wewe una "vi" au "vy", kwa hiyo zitanda ni vitanda. Na kitenzi kinachoishia kwa "-iye" au "-ile" mara nyingi ni kile unachokisema kwa "-me-". Si sheria zote, lakini kwa hizo nne peke yake utafika mbali.

Yaliyomo humo huenda yakakuudhi. Mwana Kupona anamfundisha binti kwamba watu watano ndio wa kuridhishwa, Mungu na Mtume wake, baba, mama na mume, na anamtaka amtunze mume kama mtoto asiyejua kusema. Wasomaji wanawake wa leo wamegombana naye sana juu ya hayo, na wengine wamesoma ndani yake mama mwerevu anayemfundisha bintiye namna ya kuiendesha nyumba ambayo kwa jina ni ya mwingine. Gombana naye nawe. Mtu unayegombana naye hajawa wa kale.

Hapo sasa fungua tena Al-Inkishafi. Usianzie mwanzo, maana beti za mwanzo ni za dua na sifa na ndizo zilizokuangusha. Nenda moja kwa moja kwenye nyumba za matajiri wa Pate baada ya mji kuanguka:

Nyumba zao mbake ziwele tame
makinda ya popo iyu wengeme
husikii hisi wala ukeme
zitanda matandu walitandiye

Tumia zile funguo. "Ziwele" ni zimekuwa, na "tame" ni tupu, mahame. Makinda ya popo yamening'inia juu. Husikii sauti wala ukelele. Juu ya vitanda buibui wametanda utando wao. Sikiliza mstari wa mwisho tena, zile "t" zinavyofuatana, vitanda vya mabwana na matandu ya buibui vikitamkwa karibu karibu mpaka sauti zenyewe zinafanya kazi ya kufunika. Sayyid Abdallah aliziona nyumba hizo zikiwa magofu. Pate ilikuwa na utajiri wa biashara ya bahari, na katika kizazi kimoja au viwili vita na fitina vikaumaliza. Anauuliza moyo wake mwenyewe kwa nini haujifunzi. Mimi nimezifundisha beti hizi miaka mingi na bado kila nikifika kwenye popo nashuka sauti.

Kwa tenzi hizi kitabu cha kutafuta ni Tenzi Tatu za Kale, kilichohaririwa na M. M. Mulokozi na kutolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1999. Ndani yake mna Mwana Kupona, Al-Inkishafi, na Utenzi wa Fumo Liyongo, yule shujaa mwenye nguvu asiyedhuriwa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Liyongo ni kisa kitupu, na mtoto wako, kama unaye, atakaa kukusikiliza. Usinunue toleo lisilo na maelezo. Hilo ndilo kosa pekee ambalo linaweza kukurudisha nyuma.

Umeuliza kama umechelewa. Fasihi hii haina umri wa kuingilia. Wengi wa wanaoipenda kwa dhati waliifikia wakiwa watu wazima, walipokuwa wameshapenda, wameshafiwa, wameshadhulumiwa kazini, na kwa hiyo wanajua Yasmin na Karama wanazungumza nini. Kijana wa kidato cha nne husoma wasia wa Mwana Kupona kama somo. Aliyewahi kukaa pembeni ya kitanda cha mama mgonjwa anausoma vingine kabisa.

Mambo machache ya kumalizia. Utendi wa Tambuka, wa 1728, una beti zaidi ya 1,000 za vita vya Waislamu na Warumi. Usiuguse mpaka uwe umeshaipenda Al-Inkishafi. Ukitaka pia kuonja vitabu vikubwa vya ulimwengu, soma tafsiri za Julius Nyerere za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, alizozifanya akiwa rais, na Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere. Wewe uliyesoma kwa Kiingereza utafurahi kuona lugha yako ikibeba mzigo huo bila kuyumba.

Kuhusu kuvipata: anza na maktaba ya mkoa hapo hapo Iringa, kisha wauza vitabu vilivyotumika, maana riwaya nyingi za miaka ya 1970 ziko kwao kuliko madukani. Shaaban Robert anapatikana kwa matoleo mapya ya Mkuki na Nyota. Adam Shafi naye hakosekani katika maduka makubwa ya Dar es Salaam, na mtu wa basi atakuletea. Mzimu wa Watu wa Kale ndicho kinachoweza kukusumbua kukipata. Kikikosekana usingoje, chukua Kisima cha Giningi, ambacho nacho ni cha Bwana Msa, au anza moja kwa moja na Vuta N'kuvute wikendi hii.